Mtihani wa kisa mafunzo: tunapima kufikiri au kukariri?

Mleta mada: Walimu wa vyuo hapa Dodoma na wanafunzi pia, naomba tulijadili hili. Kwenye idara yetu kuna pendekezo kwamba nusu ya alama za mtihani wa mwisho zitokane na kisa mafunzo (case study), yaani mwanafunzi anapewa tukio halisi alichambue na kulitolea uamuzi. Mimi naunga mkono, ila kisa kikatwe kabla mwisho wake haujajulikana.

Chukueni mradi wa karanga wa Kongwa. Waingereza waliuanza mwaka 1947 wakiota ekari milioni 3 na ushee, Urambo na Nachingwea zikiwemo. Visiki na mizizi vikavunja majembe ya trekta, mvua ikawa haba, udongo wa mfinyanzi ukakauka ukawa mgumu, karanga zikagoma kung'oka. Mwaka 1951 wakaachana nao. Ukiuliza "taja sababu tano za mradi kushindwa", umepima daftari tu. Mwanafunzi mpe taarifa za msimu wa kwanza: mvua, udongo, trekta mbovu, na London inayosukuma kazi iendelee. Yeye ndiye meneja. Asimamishe, apunguze eneo, au aendelee? Aandike barua ya kutetea uamuzi wake. Hapo hakuna wa kunakili.

Mchangiaji wa kwanza: Wazo zuri, lakini darasa langu lina wanafunzi zaidi ya 300, nani atasahihisha hizo barua? Halafu kisa cha kurasa mbili za Kiingereza ndani ya saa tatu kinapima kasi ya kusoma. Nina vijana wanaochambua mambo vizuri mno kwa Kiswahili, wakifika kwenye karatasi wanakwama.

Mchangiaji wa pili: Mwaka wa kwanza msiwaguse. Asiyejua kukokotoa gharama atatetea uamuzi kwa maneno matupu.

Mleta mada: Mwaka wa kwanza nakubali. Lugha inanigusa sana. Kisa kigawiwe wiki moja kabla, wakijadili kwa Kiswahili kwenye makundi, siku ya mtihani lije swali wasilolijua. Usahihishaji hauna njia ya mkato: walimu wakae pamoja, wasahihishe karatasi chache zilezile, walinganishe alama ndipo wagawane zilizobaki. Na alama ziende kwenye matumizi ya ushahidi, kwa sababu mwongozo wenye jibu moja unaturudisha kulekule.

Je, kuna aliyewahi kutunga kisa cha wakulima wa zabibu au soko la mahindi Kibaigwa? Alisahihishaje?