Msaada: stoo ya chini ya ardhi Kariakoo, paili ni lazima?

Mrithi wa Kiwanja:
Habari za leo wakuu. Kiwanja chetu cha urithi kiko Kariakoo. Tunataka kuvunja nyumba ya marehemu baba tupandishe ghorofa tano, na stoo chini ya ardhi, kina mita 4. Ukuta wa jirani uko mpakani kabisa, ghorofa nne za zamani, chini maduka yanayojaa watu tangu asubuhi. Tulipochimba shimo la choo tulikuta maji kabla ya mita 3.

Mkandarasi wa kwanza anasema tukate udongo wima, tujenge ukuta wa tofali harakaharaka. Wa pili anataka kwanza paili za kuchimba, yaani nguzo za zege zinazozama ardhini, upande mzima wa jirani, na bei yake imetutoa jasho. Ndugu zangu wako na wa kwanza. Mimi tangu ghorofa lianguke hapohapo Kariakoo, Novemba 2024, silali vizuri.

Mhandisi Udongo:
Mkuu, huyo wa kwanza mkimbieni. Msingi wa jirani umekalia udongo mnaotaka kuuondoa. Mchanga wenye maji hausimami wima, utatiririka shimoni na msingi wake ubaki unaning'inia.

Paili hutangulia shimo. Mashine inatoboa, nondo zilizosukwa zinashushwa, zege linamiminwa kwa bomba kuanzia chini. Hakuna kugongagonga, kwa hiyo jengo la jirani halitikiswi sana. Zege likikomaa ndipo kijiko, ile mashine ya kuchimbua udongo, kinaingia.

Ila muulize huyo wa pili anazipangaje. Zikiachiana hata sentimita 10, mchanga na maji vitapenya hapo. Kwenu zinafaa zinazoingiliana: inatobolewa ya 1, 3 na 5 bila nondo, halafu ya 2 na 4 zenye nondo zinakata ubavu wa zile. Na zisiishie mita 4! Ukuta wa kujisimamia wenyewe huhitaji karibu kina kilekile tena chini ya sakafu ya shimo, na hapo uzito wa jirani bado. Huenda mkahitaji na mihimili ya chuma ya kuukinga.

Fundi Nondo:
Vichwa vyote vifungwe kwa mkanda mmoja wa zege kabla ya kuchimba. Saiti moja waliruka hatua hiyo, paili ikaegemea ndani kama jino lililolegea. Tulirudishia udongo usiku uleule.

Bi Mkubwa:
Mwanangu, mimi nilikuwa huyo jirani. Waliwasha pampu usiku na mchana. Siku ya nne mlango wetu ukagoma kufunga, wiki ya pili ufa wa kwenye ngazi ukameza kidole changu. Hawakupiga hata picha moja kabla, kwa hiyo wakasema nyufa ni za zamani. Pigeni picha pamoja na jirani, kila mmoja abaki na nakala.

Mhandisi Udongo:
Kweli kabisa. Ukivuta maji ya ardhini, udongo wa jirani nao unashuka.

Mrithi wa Kiwanja:
Ahsanteni sana. Kaka mkubwa anauliza, tukiacha stoo je?

Mhandisi Udongo:
Gharama ya kuzuia udongo inaondoka karibu yote. Lakini udongo upimwe vilevile, ghorofa tano hazijengwi kwa kukisia. Na hakikisheni mhandisi amesajiliwa ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi), mkandarasi CRB (Bodi ya Usajili wa Makandarasi).

Mrithi wa Kiwanja:
Sawa mkuu. Kikao cha familia ni Jumamosi. Kesho asubuhi naenda kubisha hodi kwa jirani.