MJADALA: Bili ya wai-fai imekatwa mara mbili. Tumdai mwenye huduma kwa upole au tumwanike?

Mama Shakira, Kawempe
Ndugu zangu, naomba tulijadili hili. Intaneti ya jengo letu hapa Kampala, Uganda, tunauziwa na kijana mmoja aliyefunga vyombo vyake juu ya paa, shilingi 55,000 kwa mwezi. Nililipa kwa simu, ukaja ujumbe kwamba muamala umeshindikana. Nikatuma tena. Jioni zikaingia thibitisho mbili, na pesa imetoka mara mbili. Nimemwandikia, alama za bluu nimeziona, jibu hakuna. Majirani kwenye grupu wananiambia nimwanike jina na namba. Mimi nasita. Hawa wadogo hawana ofisi, wana simu na ruta tu. Ukishagombana naye utamfuata wapi? Ninyi mnafanyaje?

Kijana wa Ntinda
Mwanike leo leo. Mimi kuna jamaa alikuwa akinihifadhia tovuti, akanitoza mwaka mzima baada ya mimi kumhama. Niliandika "tafadhali" mpaka nikachoka. Nilipoweka skrinshoti kwenye X alinipigia kabla sijamaliza chai. Upole wanauchukulia kuwa ni ujinga.

Hadija, Arua
Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, kaka.

Kijana wa Ntinda
Akitoka anauma, dada.

Fundi Mitandao
"Hawana ofisi, wana simu na ruta tu." Mama Shakira, kwa heshima zote, hilo limenichoma. Mimi ni mmoja wa hao wa juu ya paa. Nanunua intaneti kwa kampuni kubwa na kuilipia kabla sijauza hata kifurushi kimoja. Paa nalilipia kodi. Betri zikifa nanunua mimi. Halafu saa tano usiku mtu ananiandikia "rudisha pesa yangu mwizi wewe", hakuna jina, hakuna nyumba, hakuna namba ya muamala. Nikifungua simu naona pesa imetoka kwa laini ya shemeji yake, jina la shemeji, mtu nisiyemjua kabisa. Nimrudishie nani? Na msisahau Januari 2021, Serikali ilipozima intaneti wakati wa uchaguzi. Wateja walitaka niwalipe zile siku kana kwamba mimi ndiye niliyezima!

Kijana wa Ntinda
Ahaa! Kumbe ndiye wewe. Zile siku ulizirudisha au hukuzirudisha?

Fundi Mitandao
Kwa nini nizirudishe? Mimi nilikuwa nimeshailipa kampuni kubwa. Nani alinirudishia mimi?

Kijana wa Ntinda
Mimi sikukununulia hasara. Nilinunua mwezi, nikapewa mwezi uliotobolewa.

Baba Timo, Jinja
Zilikuwa siku tatu tu, mnazikuza.

Hadija, Arua
Si tatu. Ilikatika usiku wa tarehe 13, kesho yake ndiyo tukapiga kura, ikarudi tarehe 18. Nakumbuka kwa sababu wakala wa hapa hata mobail mani ilimshinda, watu tulikopeshana unga.

Baba Timo, Jinja
Sawa, tano. Lakini amri ilitoka Tume ya Mawasiliano. Kijana wa watu angefanya nini?

Kijana wa Ntinda
Angesema. "Ndugu mteja, siku hizi zimepotea, nakuongezea mbili mwezi ujao, nyingine nimeshindwa." Ningelipa na kushukuru. Mimi kinachoniuma ni ule unyamavu. Wakubwa hutuma ujumbe hata kama ni wa uongo. Wadogo husoma na kunyamaza.

Fundi Mitandao
Wewe mjini unasema "ongeza siku mbili" kwa wepesi kwa sababu hujawahi kulipa mtu mshahara. Kila mwaka kuna jambo. 2018 ililetwa kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku, watu wakaikwepa kwa VPN, zile programu za kuficha unakopita mtandaoni. 2021 ikaondolewa, ikawekwa asilimia 12 juu ya data. Ninyi mkaendelea kutaka bei ile ile. Nimeimeza mimi.

Kijana wa Ntinda
Hujaimeza. Umetupandishia. Tuonyeshe bei yako ya 2020.

Mzee wa Kibuli
Wanangu, shusheni sauti. Huyu mama ameuliza habari ya pesa yake, ninyi mko kwenye uchaguzi wa juzi na jana. Mama Shakira, yule kijana umemwandikia maneno gani hasa? Yalete tuyaone.

Mama Shakira, Kawempe
Shikamoo Mzee. Niliandika: "Mbona umenikata mara mbili? Nataka hela yangu."

Mzee wa Kibuli
Marahaba. Hapo hujamtukana, lakini pia hujampa cha kushika. Mpe namba za miamala yote miwili, saa, laini uliyotumia, chumba chako. Kisha mwambie unataka nini: arudishe, au iwe malipo ya mwezi ujao. Mtu mwenye wateja wengi akisoma "umenikata" anaona vita, anaiweka kando mpaka apate nguvu.

Wakili wa Mbale
Naongeza la kisheria. Madai yasiyozidi shilingi milioni 10 yana utaratibu wake wa madai madogo mahakamani, huhitaji wakili, hata sisi mawakili haturuhusiwi kusimama pale. Lakini hata huko unaanza na barua ya madai, unampa mtu siku 14. Kwa hiyo ule ujumbe wa adabu wenye namba za miamala si udhaifu, ndio ushahidi wako wa kwanza. Na wewe wa Ntinda, ukimwita mtu mwizi hadharani kabla hujathibitisha, unaweza kushtakiwa kwa kumchafulia jina.

Kijana wa Ntinda
Kile kifungu cha 25 cha sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta, cha kumuudhi mtu mtandaoni, si kilifutwa na Mahakama ya Katiba, Januari 2023?

Wakili wa Mbale
Kilifutwa hicho. Kashfa ya madai, yaani kudaiwa fidia kwa kumchafulia mtu jina, haikufutwa nacho.

Kijana wa Ntinda
Mimi niliweka skrinshoti, sikuandika "mwizi". Na nani ataacha kazi kufuata 55,000 mahakamani?

Mama Shakira, Kawempe
Nimeandika upya, muda si mrefu: "Habari za jioni ssebo (bwana). Ni mama wa chumba cha 12. Leo yamekuja malipo mawili kwa laini yangu, namba zake ni hizi. Naomba moja liwe la mwezi ujao, au unirudishie. Asante kwa kazi." Amejibu! Anasema alikuwa anaona moja tu kwenye orodha yake, sasa ameliona la pili. Amekubali mwezi ujao. Ila jirani yangu wa ghorofa ya chini naye alikatwa mara mbili, na anahama, yeye anataka pesa mkononi.

Fundi Mitandao
Hapo ndipo penye kazi. Kijana akiitoa kwa wakala, Serikali inachukua asilimia 0.5, kampuni inachukua ada yake. Akiituma, kuna ada ya kutuma. Nani anazilipa?

Kijana wa Ntinda
Yeye.

Fundi Mitandao
Kwa kosa gani? Ujumbe wa "imeshindikana" haukutoka kwake.

Hadija, Arua
Wala haukutoka kwa mteja. Wagawane nusu kwa nusu.

Kijana wa Ntinda
Nusu kwa nusu nakubali. Lakini Fundi, ile bei ya 2020 bado nakudai.