Mliopata kazi ya kwanza ya urubani mkiwa na masaa 200 tu ya kuruka, mlipenyaje? Tupeane uzoefu

Bahasha ya Kaki: Wakuu, leo nimepita Terminal 1 Dar nikamuona dogo kavaa shati jeupe limenyooka, bahasha kwapani, anambembeleza mlinzi amruhusu aingie ofisini, nikajiona mwenyewe miaka ile. Nimerudi kutoka South na CPL, leseni ya urubani wa biashara, masaa 203, mama kauza kiwanja Kibaha, mtaani naitwa kapteni na nauli ya daladala naomba. Kila ofisi una masaa mangapi, ukisema mia mbili wanatabasamu, bima yetu inataka mia tano. Sasa nitayatoa wapi kama hamnipi ndege?? Mwezi wa tisa simu ikaita, niko kinyozi nusu kichwa kimenyolewa, rubani mkuu wa kampuni moja anasema kesho asubuhi uwe Arusha, mtu kaacha kazi, njoo na leseni na medikali, cheti cha afya cha rubani. Nakimbia nyumbani na kichwa kile kile nafungua medikali, imeisha siku nne nyuma, nilikuwa naahirisha kulipia. Lile sharti la kuwa umeruka na kutua mara tatu ndani ya siku 90 ndo ubebe abiria, ndo usiseme. Nikamwambia ukweli. Akasema pole kijana, akakata. Kazi nilikuja kuipata kwa mlango mwingine kabisa, nitasimulia. Anzeni nyie.

Mzee wa Upepo: Hiyo ya medikali na mimi imenikuta, sitaki hata kukumbuka.

Mtu wa Wilson: Hapa Nairobi ni hivo hivo. Mimi nilikua napakia magunia ya miraa ya kwenda Somalia saa kumi alfajiri, miezi kumi na moja, watu hawajui ata niko na leseni. Siku moja kapteni akaniuliza mbona unaangalia sana mawingu, nikamwambia, kesho yake niko kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, kwa Caravan, ile Cessna ya injini moja.

Bawa Moja: Hongera ila hayo masaa ya kiti cha kulia hayahesabiki, Caravan ni ya rubani mmoja.

Mtu wa Wilson: Wacha ujuaji bana. Inategemea kama kampuni imeidhinishwa kuruka na wawili.

Bawa Moja: Andika tu, utajua hujui siku ukipeleka masaa 1500 ya ATPL, leseni ya juu kabisa.

Mzee wa Upepo: Mshaanza.

Nyungo: Mnabishania kiti. Mimi masaa yangu mia tatu ya mwanzo ni Goma, Congo, kwenye ndege ya Let 410, tunatua Kilambo kule Walikale, barabarani, lami ya magari kabisa. Wanajeshi wanazuia pikipiki huku na huku, tunashuka, tunapakia kasiterite, mawe ya madini ya bati, kwenye viroba, mizani hakuna, mwenye mzigo anasema kila kiroba kilo hamsini. Siku hiyo nikajaribu kunyanyua kimoja nikashindwa. Nikamwangalia kapteni, akasema toa viwili. Tumeanza kukimbia, ndege nzito kama imekanyaga ugali, kuna mama pembeni na dumu kichwani wala hakugeuka, miti inakuja tu, magurudumu yameachia lami pale pale barabara inapopinda.

Mzee wa Upepo: Subiri. Barabara ya MAGARI?

Bawa Moja: Na uliyaandika hayo masaa?

Nyungo: Kila dakika.

Mtu wa Wilson: Walikua wanalipa?

Nyungo: Nusu dola, nusu ahadi. Ahadi bado naidai.

Kempu Maun: Achaneni na vita, nendeni Maun Botswana, wa mia mbili wanaanzia Cessna 206 kupeleka watalii Okavango.

Kumi na Nane: Nimepanda basi Dar, Tunduma, Lusaka, Kazungula hadi huko. Wiki sita kwenye hema, kibali cha kazi hamna, nimerudi na deni. Bora usomee ualimu wa urubani.

Mzee wa Upepo: Uzeekee kwenye Cessna 172 ya kufundishia? Oa binti wa mwenye kampuni 😂

Bahasha ya Kaki: Jamani mimi sijamaliza ya kwangu

Nyungo: Mama mwenye dumu nilimuona tena wiki iliyofuata, akanipungia.

Mgeni Mpya: Samahani wakuu, mdogo wangu kamaliza PCM, ada ya urubani sh ngapi?