Naomba ushauri: bibi harusi akiingia kanisani, uso unakuwa giza

Wakuu, habari za kazi. Napiga video za harusi na kipaimara hapa Moshi. Kinachonisumbua ni mlango wa kanisa: jua kali la nje liko nyuma ya bibi harusi, ndani kuna giza. Nikiacha kamera ijipangie mwanga, uso unakuwa mweusi tii. Nikifungua lenzi uso uonekane, shela inaungua kwa mwanga kuzidi, maua ya lesi yote yanapotea. Na ile lesi ndiyo mama mzazi atakayoitafuta kwenye video!

Shata (muda ambao kila picha inapokea mwanga) nimeifunga sekunde 1/50 kwa fremu 25 kwa sekunde, maana umeme wetu ni hezi 50 na nikipandisha hovyo taa zinachezacheza. Kwa hiyo nabaki na lenzi na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) tu. Mistari ya zebra (ile ya kwenye skrini inayoonyesha sehemu zilizofikia kiwango fulani cha mwanga) mnaiweka asilimia ngapi kwa ngozi yetu nyeusi pamoja na shela nyeupe?

Halafu fokasi. Kwenye f/2.8, lenzi ikiwa wazi sana, bibi harusi akitembea kuja kwangu, kamera inarukia shada la maua. Mnafuata kwa mkono, au mnafunga lenzi hadi f/5.6 na kupandisha ISO? Waliozoea harusi za kanisani, nisaidieni tafadhali. Jumamosi nina kazi.