Naombeni ushauri: vishikio vya sufuria vya kroshia, oda ya kicheni pati Kigoma

Binti wa Gungu: Habari zenu wapendwa. Nafuma kroshia hapa Kigoma, nimepata oda ya vishikio vya sufuria vya kugawa kicheni pati. Nimekwama kwenye mshono: popkoni, kombe, au ua lenye matundu? Nakabidhi Jumamosi na usingizi sipati.

Mzee wa Reli: Popkoni inapendeza. Ila mabinti wa siku hizi! Mama zetu kule Kasulu waliepua kwa kipande cha kitenge kuukuu na ndoa zikadumu.

Baba Pacha: Leta bei, mkuu. Kwangu sufuria inaepuliwa kwa fulana yangu ya Yanga, inaniuma sana.

Fundi Ujiji: Dada, ua lenye matundu ni la kuweka mezani, si la kushikia, moto unapita hadi kwenye vidole. Anza na mnyororo wa vitanzi, zunguka pande zake zote mbili kwa singo, ule mshono mfupi wa kawaida, iliyobana, bila kugeuza kazi wala kuongeza vitanzi. Itapanda kama mfuko. Mdomo wake ukiweza kukunjwa mshazari ukakutana katikati, shona. Umepata mraba wa tabaka mbili. Lakini uzi ni upi?

Binti wa Gungu: Wa kawaida tu.

Fundi Ujiji: Kawaida ipi? Pamba?

Binti wa Gungu: Ni ule wa masweta, akriliki. Pamba ghali jamani, na bibi harusi anataka zambarau. Advansi nimeshapokea, nusu ya kazi imeisha. Nikifuma tabaka mbili si inatosha?

Fundi Ujiji: Haitoshi. Akriliki ikikutana na sufuria iliyotoka kwenye mkaa inayeyuka na kugandia ngozi. Choma ncha uone: pamba inaungua kama karatasi, inaacha jivu laini. Huo wako utajikunja uwe kidonge cheusi, kigumu.

Mama Neema: Hata pamba ikilowa ni hatari. Niliwahi kuepua mawese kwa kishikio kibichi, mvuke ukanibabua kiganja. Mawese yenyewe nilikuwa nayaandalia dagaa, wageni wamekaa sebuleni, mume hayupo…

Mpelelezi: Hii chai. Mfumaji gani hajui uzi wake? Kazi nusu imeisha, halafu unauliza mshono? Huyu anatafuta wateja.

Binti wa Gungu: Si chai kaka. Nusu iliyoisha ni popkoni, nilitaka kujua kama niendelee nayo. Nimechoma ncha sasa hivi, imekuwa kidonge kweli. Hivyo vilivyoisha nitaviuza viwe vya kuwekea glasi. Pamba nitaipata hapa soko la Mwanga?

Fundi Ujiji: Ingia sokoni asubuhi, waulize wanaofuma vitambaa vya makochi wananunua wapi. Omba kipande, ukichome kabla hujalipa. Bibi harusi mpigie leo, ukikosa zambarau achague rangi nyingine.