Kwa nini rolakosta ya kilomita 120 kwa saa ilinitisha kuliko ile ya kilomita 240 kwa saa?

Kijana wa Mkunazini (Maskati)

Assalamu alaykum, ndugu zangu.

Wiki iliyopita niliendesha gari kutoka Maskati hadi Abu Dhabi pamoja na mpwa wangu wa miaka 16, ambaye tangu mwaka jana hana mazungumzo mengine isipokuwa ya rolakosta, zile treni za michezo zinazopanda na kushuka vilima vya reli kwa kasi. Nilikuwa nimejiandaa kwa Formula Rossa, rolakosta ya Ferrari World, bustani ya michezo iliyo kisiwani Yas, kwa sababu kila aliyeipanda alinieleza kwamba hiyo ndiyo inayomtoa mtu roho: inafika kilomita 240 kwa saa katika muda usiotimia sekunde 5, na kabla ya kuondoka kila abiria hupewa miwani ili mchanga na wadudu wasimpige machoni. Tulikaa safu ya kati. Sikatai kwamba niligandamizwa kwenye kiti kama godoro linalofungwa kamba, lakini niliposhuka miguu yangu ilikuwa imara, na robo saa baadaye nilikuwa nakula wali bila shida yoyote.

Baada ya chakula mpwa wangu akanipeleka Flying Aces, rolakosta nyingine ya hapohapo, ambayo kasi yake ni kilomita 120 kwa saa, yaani nusu ya ile ya kwanza. Tulikaa safu ya mwisho kwa kuwa watu walikuwa wachache pale. Tulipovuka kilele cha kwanza, kabla sijaelewa kilichotokea, mwili wangu ulikwisha kuachana na kiti na nilikuwa nimezuiliwa na kile chuma cha mapajani peke yake. Nilimwita marehemu mama yangu kwa sauti ambayo abiria wote waliisikia. Niliposhuka nilitafuta ukingo wa kukalia, nikakaa hapo mpaka mpwa wangu akaanza kuona haya.

Swali langu ni hili: inawezekanaje nusu ya kasi imtishe mtu mara mbili zaidi? Je, ni umbo la njia, ni safu niliyokaa, au ni kile chakula nilichokula? Nauliza kwa sababu tunarudi tena mwezi ujao, na ningependa kujua nikae wapi. Na kama kuna mtu anayejua kinachoizuia treni isiruke kutoka kwenye reli pale mwili unaporuka kutoka kwenye kiti, naomba anieleze, maana swali hilo ndilo lililonijia nikiwa angani.

Binti Kizingo (Abu Dhabi)

Waalaykum salaam, kaka. Pole, ingawa nimecheka.

Ninaishi hapa mwaka wa tisa sasa, na Formula Rossa nimeipanda mara nyingi kuliko ninavyoweza kumweleza mume wangu. Maoni yangu ni kwamba ukikaa katikati umeikosa. Utamu wake uko safu ya mbele, ambako hakuna kitu baina yako na upepo, na mashavu yanapigwa mpaka unahisi si yako. Safu za kati unaona migongo ya watu, na kwa kuwa sehemu kubwa ya njia iko nje, mahali peupe, hakuna jambo la karibu linalokupita na kukuonyesha kwamba unakwenda mbio. Swali dogo tu, na naomba ujibu kwa ukweli: ilipofyatuka, macho yalikuwa wazi?

Kuhusu safu ya mwisho, mtu yeyote aliyewahi kukaa kiti cha nyuma kabisa cha matatu ikapita kwenye tuta bila kupunguza mwendo anajua jibu. Anayekaa karibu na dereva hutikisika, lakini wa nyuma hugonga paa.

Mwalimu wa Mzumbe (Morogoro)

Ndugu Mkunazini, chakula hakina hatia, au tuseme kina hatia ndogo. Mimi hufundisha fizikia, na nimekuwa nikitumia rolakosta darasani kwa miaka mingi kabla sijawahi kuipanda hata moja, kwa hiyo uniwie radhi nikirefusha.

Jambo la kwanza ni kwamba mwili wa binadamu hauna kiungo cha kupimia kasi. Ndani ya sikio mna mirija midogo yenye majimaji na vijiwe vidogo sana, na kazi ya vitu hivyo ni kuhisi mabadiliko ya mwendo na mwelekeo, si mwendo wenyewe. Ndiyo maana ukiwa kwenye ndege inayokwenda zaidi ya kilomita 800 kwa saa unaweza kunywa chai bila kumwaga, lakini dereva wa bajaji akikanyaga breki ghafla unashika chochote kilicho karibu.

Hata hivyo, Formula Rossa ina mabadiliko makubwa sana ya mwendo. Ukifanya hesabu ya kutoka sifuri hadi kilomita 240 kwa saa katika sekunde 4.9, utapata mchapuko, yaani kiasi mwendo unavyoongezeka, wa mita 13.6 hivi kwa sekunde kila sekunde, ambao unazidi mchapuko wa jiwe linaloanguka. Mtambo wake hautegemei kilima: mafuta yanasukumwa kwa gesi iliyobanwa, yanazungusha ngoma, ngoma inavuta kebo, na kebo inaivuta treni. Kama wangetaka kuipata kasi hiyo kwa kuanguka tu, wangehitaji kilima cha zaidi ya mita 226, hata kabla ya kuhesabu msuguano na upepo. Basi kwa nini hukutishika? Kwa sababu wakati wote huo kiti kilikuwa kinakusukuma mgongoni. Mwili uliogandamizwa kwenye kitu kigumu hujiona umeshikwa, na mtoto mchanga mwenyewe hutulia akikumbatiwa kwa nguvu. Kinachotuogofya toka utotoni ni kuondolewa kitu kilichokuwa kimetubeba. Kilichokupata kwenye Flying Aces ndicho hicho: reli iliinama haraka kuliko mwili wako ulivyoweza kuanguka wenyewe, kiti kikaenda zake, nawe ukabaki ukivutwa chini na kile chuma.

Sasa tuje kwenye safu ya mwisho, ambapo naomba nimsahihishe kidogo dada yetu Binti Kizingo. Kiti cha nyuma cha matatu hurushwa kwa sababu kiko nyuma ya ekseli, hivyo huinuka kama upande mmoja wa bembea ya ubao. Treni ya rolakosta ina sababu nyingine. Mabehewa yameunganishwa, kwa hiyo kila moja lina mwendo uleule kwa wakati uleule, lakini hayavuki kilele kwa wakati mmoja. Juu ya kilima cha kwanza, treni inavutwa polepole mpaka zaidi ya nusu ya uzito wake iwe imevuka. Behewa la kwanza huvuka kwa mwendo huo wa pole, kisha hubaki likining'inia likitazama chini, likiwasubiri wenzake. Behewa la mwisho linapofika hapohapo, mengine yote yamekwisha kuanza kuanguka na yanalivuta kwa nguvu, kwa hiyo linavuka kilele kwa kasi kubwa kuliko yote. Ni kilele kilekile na treni ileile, ila aliyekaa mbele huona na aliyekaa nyuma hunyakuliwa.

Kwenye vilima vinavyofuata, ambavyo treni huvipanda kwa kasi iliyo nayo tayari, hali ni tofauti kidogo. Pale aliyekaa mbele huinuliwa zaidi treni inapomaliza kupanda, na aliyekaa nyuma huinuliwa zaidi inapoanza kushuka. Kwa hiyo si kweli kwamba nyuma ni kukali kila mahali.

Kuhusu treni kuruka kutoka kwenye reli, kila behewa lina magurudumu ya aina tatu: ya juu yanayobeba uzito, ya pembeni yanayoliongoza kwenye kona, na ya chini ya reli, ambayo ndiyo yanayolizuia lisipae. Mmarekani John Miller aliyapatia hataza (haki ya kisheria ya mbunifu) hayo ya chini mwaka 1919, na kabla yake wabunifu walilazimika kuweka vilima vya upole. Pale ulipomwita mama, wewe ulizuiliwa na chuma cha mapajani, na treni ilizuiliwa na Miller.

Mwana Bukavu (Columbus, Ohio)

Habari zenu. Mwalimu amemaliza kazi yote, mimi naleta ushahidi tu.

Saa mbili hivi kwa gari kutoka kwangu, kando ya Ziwa Erie, ipo bustani ya michezo iitwayo Cedar Point. Pale kuna rolakosta ya Millennium Force, iliyofunguliwa mwaka 2000, yenye urefu wa mita 94 kwenda juu na kasi ya kilomita 150 kwa saa. Kuna pia Steel Vengeance ya mwaka 2018, ambayo ina mita 62 na kasi ya kilomita 119, karibu sawa kabisa na hiyo Flying Aces yenu. Kwa hesabu ya kawaida ya kijiweni, ya kwanza ingepaswa kuwa kali zaidi. Mimi ninapompeleka mgeni, humwanzisha na Millennium Force, kwa sababu ni ndefu, laini, na humpa mtu nafasi ya kulitazama ziwa. Steel Vengeance namwachia mwisho, kwa maana baada yake hataki tena kusikia habari.

Kuijenga Steel Vengeance, walichukua umbo la mbao la rolakosta ya zamani iliyoitwa Mean Streak, wakalaza juu yake reli za chuma, na kwa kuwa chuma hupindika kwa namna ambayo mbao hazikubali, wakaweza kuweka vilima vidogo vidogo vinavyofuatana bila kukupa nafasi ya kurudisha makalio yako kitini. Waendeshaji wenyewe hutangaza kwamba jumla ya muda ambao abiria yuko hewani ni zaidi ya sekunde 27. Sekunde 27 zikisomwa ni chache, lakini jaribu kushikilia pumzi huku mtu akikuondolea kiti kila mara unapotaka kukaa. Juu ya hayo, nguzo za mbao zinapita karibu na kichwa chako kiasi kwamba mikono hushuka yenyewe. Hapo nakubaliana na dada wa Abu Dhabi: jambo la karibu ndilo linalokuonyesha mwendo. Kuna wakati simu hazikuruhusiwa hata kwenye foleni, kwa hiyo mtu hakuwa na budi kuzungumza na wenzake kama zamani.

Kwa faida ya mpwa wako: sisi tuliosoma kwa Kifaransa tuliziita rolakosta "milima ya Kirusi", kwa kuwa michezo hii ilianzia kwenye vilima vya barafu vya Urusi ambavyo watu waliteleza kwa sileji, vile vigari visivyo na magurudumu. Siku moja nilimwambia hivyo jirani yangu Mrusi, akanijibu kwamba kwao huitwa "milima ya Kimarekani". Hapa Marekani hakuna anayedai jina.

Mswahili wa Freiburg

Naheshimu hesabu za Mwalimu, lakini ninyi mnaosifu safu ya nyuma mnachanganya kutishika na kufurahi. Mimi ninaishi karibu na Europa-Park, bustani ya michezo ya huku Ujerumani, na rolakosta yake ya Silver Star, yenye mita 73 kwenda juu, naipanda mbele tu, hata kama foleni ya mbele inanichukua nusu saa zaidi. Kule mbele, mnyororo unapoachia, unaning'inia juu ya ule mteremko kwa kitambo ambacho hakina jina, huoni reli kwa kuwa imekunjika chini ya miguu yako, na unasikia ukimya baada ya milio yote ya kupanda. Hofu ya nyuma ni ya kushtukizwa, na mtu yeyote anaweza kushtukizwa, hata na paka. Hofu ya mbele unapewa taarifa yake mapema, kisha unaisubiri.

Zaidi ya hayo, nyuma hutikisa. Kwa aliyevuka miaka 40 na mwenye mgongo wenye historia, ushauri wangu ni mbele au katikati, mgongo na kichwa vigusane na kiti kabla ya kuondoka, na asijaribu kushindana na treni kwa shingo.

Kijana wa Mkunazini (Maskati)

Ndugu zangu, ahsanteni sana. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikuweza kusubiri mwezi ujao, tulikwenda tena Ijumaa.

Tulifanya kama mlivyoelekeza. Kwenye Flying Aces tulipanda mara mbili, kwanza safu ya mbele, kisha ya mwisho, na nikamwomba mpwa wangu ahesabu kwa sauti tangu tunapofika kileleni mpaka tunapoanza kuanguka. Mbele alifika "tatu" kwa utulivu, nami nikapata muda wa kuona paa jekundu la Ferrari World na kujutia maamuzi yangu. Nyuma hakumaliza kutamka "moja". Kile kitanzi kikubwa cha mita 52, ambacho treni hukivuka ikiwa wima badala ya kupinduka, kilikuwa na jambo lake pia: mbele niliinuliwa tukiwa bado tunapanda, kama alivyosema Mwalimu, na nyuma niliinuliwa tulipokwisha kuvuka. Mswahili wa Freiburg ana haki yake, maana ule mning'inio wa mbele niliupenda, lakini kilichonifanya nikae tena ukingoni ni kiti cha nyuma.

Binti Kizingo, swali lako nililikwepa, na nilitarajia limesahaulika. Mpwa wangu alilisoma, akaninunulia ile picha wanayokupiga njiani kwenye Formula Rossa, akaituma kwa familia nzima kuanzia Maskati hadi Unguja. Miwani ipo usoni, na nyuma ya miwani macho yamefumbwa kabisa. Safari hii nilikaa mbele, nikayafumbua. Wali tumeuacha mpaka jioni.