Tupeane uzoefu: kufuatilia ukoo kwa vyeti vya kuzaliwa, ndoa na vifo

Wakuu, salaam. Tuliowahi kufuatilia ukoo kwa vyeti vya serikali, tuambiane kilichotufungulia njia. Naanza: mimi hutazama kwanza nafasi ya mtoa taarifa, yaani aliyekwenda kusajili tukio. Cheti cha kifo cha babu mzaa mama kinampa miaka 70, lakini kwa hesabu ya cheti chake cha ndoa alikuwa na 76. Mtoa taarifa za kifo ni jirani. Tarehe ya kifo naiamini, jirani alikuwepo. Umri alikisia tu. Kwenye ndoa babu alijitajia mwenyewe, nikashika hicho.

—

Hapo kwa mtoa taarifa umegusa penyewe. Kwetu kuna shangazi wa baba aliyepotea kabisa baada ya kuolewa, jina la mume hatulijui. Tukapata cheti cha kifo cha baba yake: mtoa taarifa ni "binti", na jina la mumewe hilo hapo! Ndoa ikapatikana, kisha watoto. Na mashahidi wa ndoa msiwapite, mara nyingi ni ndugu wa maharusi.

—

Upande wangu mmoja uko Uingereza, niongezee kwa wenye ukoo huko. England na Wales usajili wa serikali ulianza 1 Julai 1837, Scotland 1855. Cheti cha kifo cha Scotland hutaja wazazi wa marehemu, pamoja na jina la mama kabla ya kuolewa. Ni hazina! Cha England cha karne ya 19 hakikuwa na nafasi hiyo. Faharasa za England, yaani orodha za majina ya waliosajiliwa, hadi 1983 zimepangwa kwa robo mwaka ya kusajiliwa, na wazazi walipewa siku 42, hivyo aliyezaliwa Machi mtafute pia robo inayoishia Juni. Kwenye cheti cha England, ukiona saa imeandikwa pamoja na tarehe ya kuzaliwa, tafuta pacha. Ndivyo nilivyompata pacha wa bibi, ambaye nyumbani hakuna aliyewahi kumtaja. Alifariki mchanga.

—

Asante kwa hilo la saa, mkuu, ninacho cheti cha namna hiyo. Nami nauliza: cheti cha kuzaliwa hakina jina la baba, ila mtoto alipooa akataja baba na kazi yake. Nasikia wengine walibuni jina kuficha aibu. Aliyewahi kuthibitisha baba wa aina hii, alianzia wapi?